Kiti cha Kamati: Maisha na Kazi ya Mbunge Charles Diggs wa Detroit



Nawashukuru waandaaji, ambao waliniuliza nitamzungumzia nani na hawakushtuka nilipowatajia mbunge wa Marekani aliyefariki mwaka 1998, mtu ambaye hata kwao vijana wengi hawamfahamu.

Jina lake ni Charles Coles Diggs, mwana wa Charles Diggs mwingine. Aliwakilisha jimbo la 13 la Michigan, ndani ya mji wa Detroit, kuanzia Januari 1955 hadi Juni 1980. Lengo langu ni kuonyesha, kwa maisha yake, kwamba mbunge mwenye kura chache ana nguvu pale anapojua kutumia kiti chake: nani aitwe kutoa ushahidi, aulizwe nini, na kipi kiandikwe katika kumbukumbu zisizofutika. Nitaonyesha vilevile kwamba ofisi iliyompa nguvu hiyo ndiyo aliyoitumia vibaya mpaka akafungwa. Habari hizi mbili ni za mtu mmoja, na sikusudii kumsimulia nusu.

Niseme machache kuhusu asili yake. Alizaliwa Desemba 2, 1922. Baba yake alikuwa na kampuni kubwa ya huduma za mazishi iliyoitwa House of Diggs. Wamarekani Weusi waliohama kusini kwenda kutafuta kazi katika viwanda vya magari vya Detroit walizikwa na kampuni hiyo, na aliyezika wazazi wa watu alijulikana kila mtaa. Mzee huyo akawa seneta wa jimbo la Michigan mwaka 1936. Kisha, katika miaka ya 1940, akapatikana na hatia ya rushwa, akafungwa. Alipotoka aligombea tena mwaka 1950 na wananchi wakamchagua, lakini Seneti ikakataa kumpa kiti. Mwanawe, aliyekuwa amerudi kutoka jeshini na kusomea kazi ya mazishi, akasimama katika uchaguzi mdogo, akashinda. Mwaka 1954 akamwangusha mbunge aliyekuwepo, George O'Brien, katika kura za maoni za chama cha Democratic, na Januari iliyofuata akaapishwa Washington. Katika Baraza la Wawakilishi lenye viti 435 walikuwa Weusi watatu tu: William Dawson wa Chicago, Adam Clayton Powell wa Harlem, na yeye.

Watu watatu kati ya 435. Naomba mzishike hesabu hizo tunapoendelea.

Hoja ya kwanza: kazi ya mbunge huanza kwa kufika

Usiku wa Agosti 28, 1955, Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago aliyekuwa likizo kwa ndugu zake Mississippi, alitolewa kitandani nyumbani kwa mzee wa ukoo wake, Mose Wright. Alidaiwa kumkosea adabu mwanamke Mzungu dukani. Waliomchukua walimpiga, wakamuua, wakautupa mwili wake mtoni ukiwa umefungiwa feni nzito ya mashine ya kuchambulia pamba. Wazungu wawili, Roy Bryant na J. W. Milam, wakashtakiwa, na kesi ikasikilizwa Septemba katika mji mdogo wa Sumner.

Diggs alikuwa na miaka 32 na hajatimiza hata mwaka bungeni. Mississippi halikuwa jimbo lake, wala sheria haikumpa mamlaka yoyote mle mahakamani. Alimwandikia jaji Curtis Swango kuomba nafasi ya kuhudhuria, akakubaliwa. Alipofika, wasaidizi wa sherifu hawakukubali akilini mwao kwamba yuko mbunge mweusi. Mwandishi mmoja mweusi aliyewapelekea kadi ya Diggs aliambulia matusi. Mwishowe Diggs aliketishwa pembeni kabisa, kwenye meza ndogo ya kuchezea karata ambako waandishi weusi walikuwa wametengwa.

Hapo alikaa, katika joto la mwezi ule, siku baada ya siku. Kwa macho yake alimwona mzee Mose Wright akisimama na kunyoosha mkono kuwaonyesha waliomchukua mtoto, jambo ambalo Mtu Mweusi katika Mississippi ya wakati ule angeweza kulipia kwa roho yake. Akamsikia pia Willie Reed, kijana wa miaka 18, akieleza alivyosikia kilio kutoka ghalani. Wazee wa baraza, wote wanaume Wazungu, walijadiliana kwa dakika 67 na kuwaachia huru washtakiwa. Miezi michache baadaye wawili hao walilisimulia jarida moja, kwa malipo, jinsi walivyoua.

Je, kuwepo kwa Diggs kulibadilisha hukumu? Hakukubadilisha. Lakini mashahidi weusi walipanda kizimbani wakijua kwamba ukumbini yumo mtu wa rangi yao mwenye cheo cha taifa, atakayerudi Washington na kusema alichokiona. Baada ya hukumu alisaidia kumtoa Willie Reed na kumfikisha Chicago, kwa kuwa kubaki Mississippi kungekuwa kumngoja muuaji. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya ubunge kamili, ingawa haina kifungu katika katiba.

Na hakuishia hapo. Wikendi ya Pasaka 1963 alilala nyumbani kwa Aaron Henry, mfamasia na kiongozi wa wapigania haki katika mji wa Clarksdale, Mississippi, na usiku nyumba ikarushiwa mabomu ya petroli. Alinusurika. Februari 1965 akaongoza wabunge 15 kwenda Selma, Alabama, kujionea jinsi Weusi walivyozuiwa kujiandikisha kupiga kura.

Hoja ya pili: kiti cha kamati kinaweza kuwa jukwaa la wasio na kura

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo habari hii inapotugusa sisi wa Dar es Salaam.

Katika Bunge la Marekani la zama hizo, uenyekiti wa kamati ulikwenda kwa ukongwe. Mbunge wa chama chenye wingi aliyekaa muda mrefu zaidi katika kamati ndiye aliyeiongoza. Utaratibu huu uliwanufaisha sana wabaguzi wa kusini. Kule kulikuwa na chama kimoja chenye nguvu, Weusi wamezuiwa kupiga kura, hivyo mbunge yule yule alirudi miaka nenda miaka rudi mpaka akashika kamati na kuzika miswada ya haki za raia. Diggs alikuwa na jambo moja linalofanana nao: wapiga kura wa Detroit nao hawakumwacha. Ukongwe uliowapandisha wabaguzi ukampandisha na yeye. Mwaka 1969 akawa mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Afrika.

Kamati ile wengi waliiona ya pembeni. Bajeti haikuwa yake, wala jeshi halikuwa lake. Alichokuwa nacho Diggs ni uwezo wa kuita watu na kuwauliza mbele ya mpiga chapa wa Serikali. Februari 26, 1970, alimpokea Amílcar Cabral.

Wazee waliopo mnamfahamu. Kwa ajili ya vijana: Cabral alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyeongoza PAIGC, chama kilichopigana na Ureno huko Guinea-Bissau na Cape Verde. Ureno ilikuwa mwanachama wa NATO, mshirika wa kijeshi wa Marekani. Fikirini sasa: kiongozi wa wapiganaji wanaopambana na jeshi la mshirika wa Marekani anaketi ndani ya jengo la Bunge la Marekani, anaeleza kwa utulivu kwa nini watu wake wameshika silaha, wameanzisha shule gani katika maeneo waliyoyakomboa, na silaha za NATO zinatumikaje dhidi yao. Neno kwa neno likaandikwa, likachapwa. Januari 20, 1973, Cabral aliuawa Conakry. Ushahidi wake ungali unasomeka.

Naona wazee mnatikisa vichwa. Mnakumbuka kwamba katika miaka hiyo hiyo FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa hapa Juni 1962, ilikuwa inaendesha vita dhidi ya Ureno ile ile, ikifundisha askari wake Nachingwea. Mnakumbuka pia Februari 3, 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alipouawa kwa bomu la kifurushi katika mji huu huu. Mondlane alisoma na kufundisha Marekani. Alijua kwamba Washington kuna milango ya kubisha. Diggs alikuwa mmoja wa wachache waliokuwa wakiifungua kwa ndani.

Desemba 1971 Serikali ya Rais Nixon ilitangaza makubaliano na Ureno ya kuendelea kutumia kituo cha ndege za kijeshi katika visiwa vya Azores. Ureno ingepata mikopo na misaada ya zaidi ya dola milioni 400. Diggs wakati huo alikuwa mjumbe wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, kwa uteuzi wa Nixon mwenyewe. Akajiuzulu ujumbe ule hadharani, akisema hawezi kuitetea nchi yake mbele ya mataifa huku ikiipa fedha dola inayowapiga mabomu Waafrika. Cheo kile kilikuwa cha heshima kubwa. Wanasiasa wengi wangekilinda na kunung'unika faraghani.

Mwaka huo huo Bunge lilipitisha kifungu kilichoruhusu Marekani kununua kromu ya Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, kinyume na vikwazo ambavyo Umoja wa Mataifa ulikuwa umeiwekea Serikali ya Ian Smith, na ambavyo Marekani yenyewe ilivipigia kura. Diggs na wenzake wakaenda mahakamani mwaka 1972. Wakashindwa: mahakama ya rufaa ilisema Bunge lina mamlaka ya kuvunja ahadi ya kimataifa likitaka. Kifungu kile kilikuja kufutwa mwaka 1977. Kati ya tarehe hizo mbili Diggs hakuacha kufanya vikao vya kuwahoji maofisa wa Serikali na wakubwa wa makampuni ya Kimarekani kuhusu biashara yao kusini mwa Afrika, wanamlipa mfanyakazi mweusi kiasi gani na kwa nini.

Tukihesabu kura, alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. Mimi simpimi kwa hesabu hiyo. Kamati yake ililea watu. Miongoni mwa waliofanya kazi ofisini kwake ni Randall Robinson, ambaye mwaka 1977 akawa kiongozi wa shirika la TransAfrica, na mwaka 1984 akaanzisha maandamano ya kila siku mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini jijini Washington. Mwaka 1986 Bunge likapitisha sheria ya vikwazo dhidi ya utawala wa Makaburu. Rais Reagan akaipinga kwa veto, na Bunge likaivunja veto hiyo kwa kura 313 dhidi ya 83 katika Baraza la Wawakilishi, na 78 dhidi ya 21 katika Seneti. Diggs alikuwa nje ya Bunge miaka sita kamili.

Hoja ya tatu: wachache wakikaa pamoja hawadharauliki

Hoja hii ni fupi. Kufikia mwaka 1971 wabunge weusi walikuwa 13, na wakaunda umoja wao, Congressional Black Caucus, Diggs akiwa mwenyekiti wa kwanza. Nixon alikuwa amekataa kuonana nao kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wakasusia hotuba yake ya Januari kwa Bunge, magazeti yakaandika, na Machi 25 akawapokea Ikulu. Walikwenda na mapendekezo 60 yaliyoandikwa. Majibu ya Serikali hayakuwaridhisha, lakini tangu siku hiyo hakuna Rais aliyewapuuza bila kuulizwa kwa nini.

Ukongwe ukampa kiti cha pili pia. Mji wa Washington, wenye wakazi wengi weusi, haukuwa na meya wa kuchaguliwa kwa karibu miaka mia; uliongozwa na Bunge kupitia kamati moja. Tangu 1949 kamati hiyo iliongozwa karibu mfululizo na John McMillan wa South Carolina. Inasimuliwa sana mjini humo kwamba mwaka 1967, Walter Washington, mtu mweusi aliyekuwa mkuu wa mji wa kuteuliwa, alipompelekea bajeti, McMillan alimjibu kwa lori la matikiti maji, tunda ambalo wabaguzi wa kule walilitumia kuwadhihaki Weusi. Mwaka 1972 McMillan akaangushwa nyumbani kwake, na Januari 1973 Diggs akakalia kiti kile kile. Kabla mwaka haujaisha, Desemba 24, sheria ya kuupa mji huo meya na baraza la kuchaguliwa ikatiwa saini. Haikuwa sheria kamili: bajeti ilibaki mikononi mwa Bunge, na Bunge likabaki na haki ya kufuta sheria za mji. Diggs alikubali mapatano hayo ili apate kura zilizokuwa zimekosekana, nami naona alifanya sawa. Januari 1975 Walter Washington aliapishwa tena, safari hii akiwa amechaguliwa na wananchi.

Hoja ya nne: fedha ya ofisi haina udogo

Sasa nifike pale ambapo wanaompenda Diggs hupita haraka.

Oktoba 1978 mahakama jijini Washington ilimtia hatiani kwa makosa 29. Mbinu yenyewe ilikuwa nyepesi. Aliwapandishia mshahara baadhi ya wafanyakazi wa ofisi yake, na sehemu ya nyongeza hiyo ikarudi kulipa bili zake: madeni ya nyumbani, ya biashara ya familia, na gharama nyingine za ofisi. Jumla ilipita dola 60,000. Akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mwezi mmoja baada ya kutiwa hatiani, wananchi wa Detroit walimchagua tena kwa wingi mkubwa, huku rufaa ikiendelea.

Januari 1979 aliachia uenyekiti. Mbunge mgeni kutoka Georgia, Newt Gingrich, akataka afukuzwe kabisa. Bunge likachagua njia nyingine. Diggs alikiri mbele ya kamati ya maadili kwamba alitumia vibaya fedha za mishahara, akakubali kurudisha dola 40,031.66, na Julai 31 azimio la kumkaripia likapita kwa kura 414 bila hata moja ya kupinga. Miongoni mwa kura hizo zilikuwemo za wenzake weusi aliowaunganisha mwenyewe. Rufaa yake ya mwisho ilipogonga mwamba, akajiuzulu Juni 3, 1980, akaenda gerezani.

Wapo waliosema alifuatiliwa kwa sababu ya rangi yake na misimamo yake. Kwamba wabunge weusi walichunguzwa kwa darubini kali kuliko wengine, nakubali. Lakini kesi ilisimama juu ya hundi za mishahara na maneno ya wafanyakazi wake wenyewe, na alikiri. Linaloniumiza zaidi ni hili: waliotumiwa ni watu waliomtegemea kwa ajira, wasioweza kumwambia bosi hapana. Mtu aliyewabana wakubwa wa makampuni juu ya mshahara wa mchimba madini wa Johannesburg aligeuza mshahara wa karani wake kuwa mfuko wake. Alikuwa ameyaona yaliyompata baba yake. Hatuwezi kusema hakujua njia hiyo inakwenda wapi.

Na gharama haikuwa yake peke yake. Kamati Ndogo ya Afrika ilimpoteza mwenyekiti mwenye uzoefu wa miaka kumi, mwaka ule ule Zimbabwe ilipofikishwa mezani London na Namibia ingali chini ya Makaburu. Kwa hiyo sikubali kauli kwamba makosa ya fedha ni jambo dogo likilinganishwa na kazi kubwa ya mtu. Fedha ile iliikata kazi ile.

Baada ya gerezani alirudi darasani, akapata shahada ya sayansi ya siasa Howard University akiwa na miaka sitini, akafungua huduma ya mazishi katika jimbo la Maryland, akaishi kwa kazi aliyoirithi. Alifariki Agosti 24, 1998.

Mbele yetu

Ndugu Mwenyekiti, mambo aliyoyagusa Diggs hayajafungwa. Sheria ya Marekani inayoutambua uuaji wa kundi la watu wenye chuki kuwa kosa la shirikisho, yenye jina la Emmett Till, ilitiwa saini Machi 29, 2022, miaka 66 na zaidi baada ya kesi ya Sumner. Wakazi wa Washington bado hawana mbunge mwenye haki ya kupiga kura ya mwisho kupitisha sheria. Wanafunzi wa sheria na siasa mnaweza kuyafuatilia haya yakiwa yanatokea.

Lakini lipo moja ambalo ni letu na hakuna atakayetufanyia. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa Dar es Salaam tangu 1963 mpaka kazi yake ilipokwisha mwaka 1994. Ng'ambo ya bahari, kamati ya Diggs ilijadili vita vile vile, Ureno ile ile, Rhodesia ile ile, na majalada yake ya vikao yamechapwa, yanapatikana maktabani. Upande wetu yapo makaratasi, na wapo wazee kama hawa waliokaa mstari wa mbele, ambao waliwapokea wapigania uhuru wakitoka safari za Washington na New York na kusikia walichokutana nacho huko. Napendekeza kwa idara zetu za historia, na kwa kijana yeyote mwenye pumzi, aziweke kumbukumbu hizi mbili mezani pamoja na kuzisoma mwaka kwa mwaka. Aanze na 1970. Achukue ushahidi wa Cabral wa Februari 26, kisha atafute Kamati ya Ukombozi ilikuwa inajadili nini majuma hayo, nani aliombwa fedha, nani aliombwa silaha, na nani hapa mjini alijua kwamba Cabral yuko Washington anazungumza. Na kabla hajafungua faili lolote, awahi kuwahoji wazee hawa.

Ndugu Mwenyekiti, nakabidhi kipaza sauti kwa maswali.